Mtungi wa haidraidi: kabla ya gesi, panga joto

Anayetaka kuhifadhi haidrojeni ndani ya metali (metali iliyoifyonza huitwa haidraidi) huuliza kwanza aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inabeba gesi kiasi gani. La kuulizwa kwanza ni joto litapitia wapi.

Chukua kilo 10 za LaNi5, aloi ya lanthani na nikeli. Hubeba takriban asilimia 1.4 ya uzito wake, yaani gramu 140 za haidrojeni. Gesi hiyo ikiingia hutoa karibu kilojuli 2,170, joto la kupandisha maji ya mtungi wa lita 20 kwa nyuzi 26. Lisipotolewa, poda hupata moto, shinikizo la gesi yake hupanda hadi kuwa sawa na lile unalojazia, na ujazaji husimama kabla aloi haijashiba. Poda haipitishi joto vizuri, kwa hiyo weka mapezi ya alumini, yaani bamba nyembamba za kusambaza joto, ndani na koti la maji nje.

Wakati wa kutoa gesi, mtungi hudai joto lile lile. Nairobi hili lina uzito wake. Kwenye nyuzi 25, LaNi5 hutoa gesi kwa shinikizo la karibu bar 1.8, lakini asubuhi ya Julai, kwenye nyuzi 12, hubaki karibu bar 1. Hewa yetu ya juu huku ina kama bar 0.83, basi geji ya kawaida, inayoonyesha tu shinikizo lililozidi la hewa, haifiki hata 0.2, na gesi ikianza kutoka mtungi unazidi kupoa. Pitisha maji ya nyuzi 40 kwenye koti. Moto wa wazi, kamwe.

Aloi mpya huamshwa: vuta hewa kwa pampu, ipashe hadi nyuzi 80 hivi, ingiza haidrojeni kavu ya bar 10 hadi 30, itoe, rudia mara kadhaa. Monoksidi ya kaboni, hata chembe, huifunga uso isipokee gesi.

Ikishiba huvimba kwa karibu robo, ikavunjika kuwa unga laini mno. Acha nusu ya nafasi wazi na ulaze mtungi. Ukisimama, unga hushindiliwa chini na kupasua ukuta. Mdomoni weka kichujio cha chuma cha pua cha mikroni 0.5. Unga ulioamka waweza kuwaka ukigusa hewa: fungulia ndani ya argoni, gesi isiyowasha kitu, na mchanga mkavu uwe karibu.

Magnesiamu hubeba asilimia 7.6, lakini huhitaji karibu nyuzi 290 ili kutoa gesi kwa bar 1. Bila tanuru lenye joto la ziada, iache.