Mzabibu uani mwa masista

Padre alinionya tangu tukiwa stesheni ya Foligno, Italia: "Dada, usijishibishe asubuhi. Huku tunakokwenda mgeni haruhusiwi kukataa." Padre ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tangu apewe daraja hata mama humwita hivyo, nasi tumezoea. Anasoma Roma, na Oktoba hii nilipata siku kumi za kumtembelea. Nilimwambia kwamba Vatikano nitaiona, lakini anipeleke kwanza kwa watu wanaolima zabibu.

Mimi nimekulia kwenye zabibu. Shamba la baba liko upande wa Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ambako mzabibu ulifika mikononi mwa wamisionari Wakatoliki waliohitaji divai ya misa. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Nimebeba ndoo kichwani kabla sijajua kusoma. Nimeona pia msimu ambao mnunuzi alisema anakuja Jumatatu, Jumatatu ikapita, na iliyofuata ikapita, mpaka shamba zima likanuka siki na nyuki wakalihamia. Baba alikaa kwenye kigoda chake mlangoni siku nzima bila kusema neno. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kila nionapo chupa ya mvinyo dukani, namwona pale mlangoni.

Montefalco ni mji mdogo juu ya kilima, katikati ya mkoa wa Umbria, umezungushiwa ukuta wa mawe. Ukisimama ukutani unaona bonde lote, mizeituni na mizabibu, na Assisi inang'aa kwa mbali. Majani ya mizabibu yalikuwa yameanza kugeuka rangi, mekundu na ya manjano, kitu ambacho kwetu sijawahi kukiona. Kila njia panda ina kigroto: kijumba cha matofali chenye sanamu ya Bikira Maria, ua la plastiki na taa ndogo. Padre alipunguza mwendo kwenye kila kimoja ili nifanye ishara ya msalaba.

Familia tuliyoitembelea inalima sagrantino, zabibu nyeusi ya eneo hilo. Wengi wanaamini jina lake limetokana na neno la Kiitaliano la sakramenti, maana zamani mvinyo wake ulikuwa mtamu, wa kanisani na wa sikukuu. Ule mkavu unaouzwa sasa duniani ulianza kushika miaka ya 1970, na mwaka 1992 serikali ikaupa daraja la juu kabisa la mvinyo wa nchi hiyo. Una ukakasi! Unakausha ulimi kama umetafuna embe bichi na ganda lake. Sheria yao inautaka ukae zaidi ya miaka mitatu kabla ya kuuzwa.

Babu wa nyumba hiyo alitupandisha darini. Harufu ilinipiga kabla ya taa kuwashwa. Kulikuwa na vichanja juu ya vichanja, na kwenye kila kichanja vichala vimelazwa kimoja kimoja, visigusane. Ndiyo zabibu za mvinyo mtamu, hukaushwa hivyo si chini ya miezi miwili mpaka zinyauke na sukari ikolee. Babu alikuwa na mkasi mdogo kama wa kukatia kucha. Alikipindua kichala polepole kwenye kiganja, akatafuta punje iliyoanza ukungu, akaikata peke yake bila kuitikisa jirani yake, akakirudisha kichala pale pale. Kisha cha pili. Alifanya hivyo muda wote tuliozungumza, nami sikuweza kuondoa macho kwenye ile mikono. Kwetu zabibu ikivunwa ni mbio: kreti, gari, mizani, bei ya mnunuzi. Huyu alikuwa na muda na zabibu yake kwa sababu ghala ni lake, mapipa ni yake, chupa ina jina la ukoo wake. Wapo Dodoma wanaokamua na kuuza mchuzi wa zabibu, nawajua, lakini ni wachache mno ukilinganisha na wanaosubiri gari.

Mkwewe alitupa mkate, mafuta mapya ya zeituni na soseji. Padre alikuwa amesema kweli.

Mjini kuna kanisa la Mtakatifu Klara wa Montefalco, mtawa aliyefariki mwaka 1308. Alikuwa akisema anaubeba msalaba wa Kristo moyoni, na alipokufa masista wenzake walimpasua wakasema wameona ndani ya moyo alama za mateso ya Bwana. Mwili wake umelazwa pale hadi leo. Nilipiga magoti bila kujua niombe nini, nikajikuta namwombea baba.

Siku ya pili, njiani kuelekea Spoleto, tulisimama kwenye madhabahu ya Madonna della Stella, ambapo mwaka 1862 mtoto mdogo aitwaye Righetto alisema Mama Maria alimwita kwa jina katika gofu la kanisa. Aliyetupokea mlangoni alikuwa padre mzee mwenye kanzu nyeusi na nembo ya moyo wenye msalaba kifuani. Nilishtuka. Nembo ile naijua, imo kwenye picha za zamani za parokia yetu! Wapasionisti, shirika la padre yule mzee, ndio waliolea jimbo la Dodoma tangu miaka ya 1930. Padre alipomwambia tunatoka Dodoma, mzee alinishika mikono yote miwili, hakuiachia kwa muda mrefu.

Norcia tuliipita kwa haraka na kwa uchungu. Tetemeko la Oktoba 30, 2016 liliangusha basilika ya Mtakatifu Benedikto, ukabaki ukuta wa mbele. Tulisali garini, tukaendelea.

Cascia ndiko nilikotaka kufika zaidi, kwa Mtakatifu Rita, mjane aliyeuawa mume, akafiwa na wanawe wawili, kisha akagonga mlango wa watawa akakataliwa. Mama humsalia kila Alhamisi. Masimulizi yanasema alipopokelewa, mama mkuu alimjaribu utii kwa kumwagiza amwagilie kijiti kikavu kila siku. Akamwagilia, kikachipua mzabibu. Uani mwa monasteri, karibu na kisima, mzabibu upo. Uliopo sasa si ule wa enzi zake, lakini nao ni mkongwe, shina limejisokota kama kamba ya meli, matawi yametanda juu ya ukuta.

Niliupiga picha nikamtumia baba. Nilitegemea atasema neno la sala. Simu ikalia papo hapo.

"Mbukwa, mwanangu. Nimeikuza picha nikauangalia huo mti. Umeachiwa macho mengi ya kuchipua. Nani anaupogoa?"

Padre alirudi langoni kumuuliza sista.