Mheshimiwa ameokoka, sasa je?

Kila uchaguzi ukikaribia lazima swali lile lile lirudi, ati huyu mheshimiwa ni mtu wa Mungu kweli ama anatuchezea tu. Mimi limenichosha. Ukiangalia vizuri shida yetu Kenya si wanasiasa wasioamini, hao tungekuwa nao labda ingekuwa afadhali. Wengi wanaamini, tena wengine wanaamini kumshinda pasta wako, na hapo ndio mimi huanza kuogopa.

Wacha nianze na Moi, rais wetu mpaka 2002. Wa rika langu mnakumbuka taarifa ya habari ya Jumapili kwenye redio, Mtukufu Rais leo ameungana na waumini wa kanisa fulani kwa ibada, hiyo ndio ya kwanza halafu mengine yote yafuate hata kama kuna mafuriko. Mzee alikuwa wa kanisa la AIC (Africa Inland Church) damu, kanisa hakosi, na mimi siwezi kusimama hapa niseme alikuwa anaigiza. Lakini miaka hiyo hiyo pale Nyayo House, katikati ya mji, watu walikuwa chini kwenye seli zilizojazwa maji wanapigwa mpaka wakubali wao ni Mwakenya, kile kikundi cha siri cha kupinga serikali, na jengo lenyewe limebeba jina la falsafa yake ya Amani, Upendo na Umoja. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikuwa akisema ukweli bila kumung'unya, Agosti 1990 waziri Peter Okondo akamwonya hadharani kwamba akienda Busia huenda asitoke hai. Akaenda. Akafa tarehe 14 barabarani akirudi, gari lake liligongana na lori. Jumapili zilizofuata rais aliendelea kwenda kanisani kama kawaida.

Sasa Rais Ruto. Huyu hakuokoka kwa ajili ya kempeni, tuseme ukweli. Alikuwa Christian Union pale Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa anaimba kwaya, na kutoka huko akaingia YK'92, kile kikundi cha vijana cha uchaguzi wa 1992, kumfanyia Moi kempeni. Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya kupinga ushindi wake 5 Septemba 2022 wote tuliona picha amepiga magoti anaomba. Mimi naamini alikuwa anaomba kweli. Shida yangu ni kile anachoamini, manake mtu akishajua moyoni kwamba ni Mungu ndiye amemweka pale basi wewe na kura yako ni kama mlikuwa mashahidi tu wa harusi, na ukiuliza swali hauulizi serikali tena, unapingana na mpango wa Mungu. Julai 2025 magazeti yalipotoa habari ya kanisa la kuketi watu 8,000 linalojengwa Ikulu alisema hataomba mtu msamaha kwa kujenga kanisa, kwamba shetani anaweza kukasirika akitaka. Aliongeza kwamba ni pesa zake mwenyewe, sawa, lakini uwanja ni wa nani? Na Katiba kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya taifa, maneno machache tu. Nikasoma ile kauli nikajiuliza, sasa mimi ninayeuliza hivi nimekuwa nani kwenye hiyo hadithi?

Halafu kuna hii ya pesa. 5 Julai 2024, siku kumi tu baada ya vijana waandamanaji kuvamia Bunge, rais akatangaza maafisa wa serikali marufuku kwenye harambee, yaani michango ya hadharani. Tukapiga makofi. Novemba mwaka huo huo yuko kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, anatoa mamilioni, na maaskofu walikuwa wametoka tu kuisuta serikali yake kwa uongo. Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema zirudi, zile milioni 2.6 zilizokuwa zimeshatolewa na laki mbili za gavana wa Nairobi pia, na ile milioni 3 ya ahadi pamoja na basi hawataki. Sijui kama unaelewa uzito wa hilo kwa nchi hii, kanisa kurudisha pesa! Machi 2025 yuko kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu, anatoa milioni 20, Jumapili iliyofuata vijana wakaja kuandamana nje ya kanisa wakapigwa teargesi.

Na msiseme ni Wakristo peke yao, huko Pwani Ramadhani ikiingia utaona watu waliovaa suti mwaka mzima wako na kanzu na kofia wanagawa tende mbele ya kamera.

Lakini nisiwalaumu wao tu, sisi ndio tunawafungulia mlango. Mmeona wenyewe inavyokuwa. Viti vya plastiki vya mbele vinaondolewa, vinawekwa vile vya kufunikwa kitambaa, vijana wenye miwani myeusi wanasimama mlangoni, pasta anakatiza mahubiri katikati ya aya. Mheshimiwa anashika maiki, Bwana asifiwe, Bwana asifiwe tena, dakika mbili za ushuhuda halafu ishirini za kutukana mpinzani wake, bahasha ya kaki inatoka, kwaya inaimba, na kabla ya baraka misafara imeshaondoka vumbi linatuingia sisi. Kule Gitui, Murang'a, Septemba 2019 wabunge Ndindi Nyoro na Maina Kamanda waling'ang'ania nani aongoze harambee ndani ya kanisa mpaka polisi wakaingia.

Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana alijaribu kukomesha, Septemba 2021 pale Butere, akasema mwanasiasa karibu uabudu lakini hautahutubia, na Raila alikuwa ameketi hapo hapo. Nadhani hiyo ndio dawa, ndogo hivyo. Usimpime imani, mnyime maiki.

Kwetu tuna harambee ya paa mwezi ujao na kwenye kamati jina la mheshimiwa fulani likaja juu, mzee mmoja akasema bila yeye hatufiki popote. Tumebishana weee mpaka tukakubaliana aalikwe kama muumini, akae popote apate nafasi, hakuna salamu hakuna hotuba. Barua imepelekwa, jibu hakuna. Sisi tunaendelea na mia mia zetu, na kama unajua mahali wanauza mabati ya geji 28 kwa bei ya kueleweka niandikie.