Mradi wa wodini: nilivyowafundisha wanafunzi wa uuguzi ujasiriamali

Wiki mbili za kwanza sikutaja biashara. Kila kundi la wanafunzi watano lilipewa daftari na kazi moja: katika zamu tatu, andikeni kila mnapoona muuguzi akijibunia njia kwa sababu kifaa hakipo au hakifai. Jina la mgonjwa, namba ya kitanda na picha haviingii daftarini. Ukianza kwa kuuliza "mna wazo gani la biashara?", utaletewa maduka, na ujuzi wao wa uuguzi utabaki nje ya mradi.

Kundi moja liliona shuka zinazokunjwa ili kumwegemeza mgonjwa ubavu asipate vidonda vya mgandamizo, yaani vile vya kulalia sehemu moja muda mrefu. Zilifumuka kabla saa ya kumgeuza haijafika. Wakataka kutengeneza pete ya sponji. Niliwarudisha kwenye miongozo: pete hubana ngozi kwenye ukingo wake, kwa hiyo haishauriwi. Wakahamia kwenye kabari ya sponji yenye mwinamo wa nyuzi 30.

Kabla ya kukata sponji, walihoji wauguzi kumi. Swali la "ungenunua?" nililikataza, maana kila mtu hujibu ndiyo kwa adabu. Waliuliza: mara ya mwisho ulitumia nini, kilikuchukua dakika ngapi, nani alilipia?

Kabari ya kwanza waliivika makintoshi, kitambaa kisichopitisha maji, wakaifuta kwa maji ya klorini ya asilimia 0.1. Sponji ililowa. Makintoshi haikuwa na kosa. Maji yalipita kwenye matundu ya sindano, kwa sababu mshono ulikuwa juu. Waliuhamishia chini, wakaweka zipu ili gamba livuliwe. Majaribio yote walifanyiana wenyewe kwenye chumba cha mazoezi. Kumwekea mgonjwa kunahitaji kibali cha hospitali na ridhaa yake, na mradi wa darasa hautoshi kuwa sababu.

Hesabu ndipo wengi hukwama, kwa hiyo niliipa wiki mbili nzima. Gharama za kudumu zilikuwa 60,000, vifaa vya kabari moja 1,500, bei 2,500. Wakasema wakiuza 60 gharama zinarudi. Nikauliza: aliyeshona analipwa nini? Walipoweka 500 ya kazi, faida kwa kila kabari ilishuka kutoka 1,000 hadi 500, na idadi ikapanda hadi 120. Muuguzi amezoea kutoa muda wake bila kuuhesabu, na mazoea hayo huua miradi mizuri mingi kuliko inayouawa na ukosefu wa mtaji.

Wiki ya mwisho waliwasilisha mbele ya msimamizi wa wodi, mhasibu na fundi cherehani. Fundi ndiye aliyewasaidia zaidi: aliwaonyesha kwamba wakikata kabari mbili kwa mshazari kutoka kwenye bloku moja, hakuna kipande kinachotupwa.