Umerudi Pemba na unataka kupanda mikoko? Anza na maji

Wengi tunaorudi baada ya miaka ya ughaibuni tunashuka bandarini Mkoani na nia moja: tukifanyie kijiji jambo. Jambo linalotujia mwanzo ni kupanda mikoko. Nia ni njema, ila inavyotekelezwa ndivyo sivyo. Jumamosi moja, fulana za rangi moja, watu chungu nzima kwenye tope, picha, kisha kila mtu kwake. Zikija bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mbegu zinaelea.

Mwaka wa mwanzo usichukue hata mbegu moja. Nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma tokea Mapinduzi ya 1964, na zile eka tatu alizopewa babu yako hazikupi haki juu ya mikoko iliyo mbele yake. Mlango wako ni kamati ya uhifadhi ya shehia. Sheria ya misitu Nambari 10 ya 1996 inairuhusu jamii kuwekeana mkataba na Idara ya Misitu: ramani inachorwa, panatengwa pa kutoguswa na pa kukata kuni na boriti kwa kibali, na sheria ndogo zinaandikwa. Uliza kama shehia yenu inao mkataba huo, na kama muda wake haujapita. Waulize pia wanawake wanaookota chaza na watega kaa wanapita wapi. Tope unaloliona tupu mara nyingi ni njia ya mtu.

Sasa maji. Mikoko ikifa yote pahala pamoja, aghalabu si kwa shoka, bali maji yamezibwa. Tazama barabara iliyokata mkono wa bahari bila ya kalvati, au matuta ya shamba la chumvi lililoachwa. Nyuma ya tuta maji hubaki, jua la kiangazi huyakausha, chumvi huzidi, mizizi hufa. Hapo dawa ni jembe: fungua tuta pale pale ulipokuwa mdomo wa kijito cha zamani, maji yaingie na yatoke. Ikiwa mikoko mikubwa iko jirani, mbegu zitakuja na maji zenyewe. Subiri mwaka mzima kabla ya kuamua kama kupanda kunahitajika.

Kama kunahitajika, pima kimo. Chukua mpira wa levo wa mafundi uashi, ujaze maji, ncha moja iwe kwenye shina la mkoko hai ulio chini kabisa, nyingine kwenye eneo lako. Eneo likiwa na kimo cha chini kuliko shina hilo, liache: mche utafunikwa na maji muda mrefu kila siku na mizizi itakosa hewa. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwani tope la chini halina mgombaniaji, na ndiko wageni wanakopelekwa. Penye nyasi za baharini usiguse kabisa. Na ukingo unaopigwa na mawimbi kwa asili ni wa mlilana, aina nyingine ya mikoko, si wa mkoko wenyewe, ule wa mbegu ndefu. Watu huupanda pale kwa sababu tu mbegu yake ni rahisi kushika.

Mbegu ya mkoko iliyopevuka ina pete ya manjano pale inaposhikana na tunda. Ukiizungusha kidogo inatoka yenyewe. Ukilazimika kuvuta, iache. Yenye vitundu vya wadudu itupe. Zilaze kivulini chini ya gunia bichi na uzipande ndani ya siku chache. Ya sentimita 45 izame 15. Ncha iliyochongoka iende chini, kichwa kilichotoka kwenye tunda kibaki juu. Usicheke, kila zoezi la watu wengi lina waliopanda kichwa chini. Tope likiwa gumu toboa kwa kijiti, usisukume ukaivunja ncha. Kwa nafasi ya mita moja, eka moja inachukua kama mbegu 4,000. Kwa mita moja na nusu, kama 1,800. Pandeni maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, ili mbegu zipate siku kadhaa za kushika kabla ya bamvua.

Mkandaa, aina nyingine ya mikoko, unapandwa hivyo hivyo ila kwenye kimo cha juu zaidi, mbegu zake fupi. Mchu, nao ni aina ya mikoko, ni kazi nyingine: mbegu ni ndogo na huchukuliwa na maji, kwa hiyo anza na kitalu cha viriba pahala maji ya bahari yanapofika.

Pesa yako iweke kwenye miaka mitatu ya baada. Alipwe mtu wa kijijini apite kila bamvua aondoe mwani uliojizonga kwenye miche, aangalie vikome vinavyogandia shina, azuie mbuzi na ng'ombe, ahesabu iliyo hai na aandike daftarini. Miche ikifa mara ya pili pahala pale pale, msijazie. Rudini na mpira wa levo.