Mombasa inapohamia Hispania: kuandaa vigae vya vekta

Ramani ya majengo ya Kaunti ya Mombasa haihitaji hifadhidata inayokata vigae (vipande vya mraba vya ramani) upya kila mtu anapofungua ukurasa. Faili moja ya PMTiles, muundo unaobeba vigae vyote pamoja, kwenye seva ya kawaida yatosha. Kigae cha vekta (si kile cha paa) hubeba nukta, mistari na poligoni, bila rangi. Rangi hupakwa na MapLibre, maktaba ya kuchora ramani, ndani ya kivinjari.

Kazi ngumu iko kwenye majiranukta, namba zinazoonyesha mahali. Ramani nyingi za zamani za Kenya zimo kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa majiranukta. Ukizisoma kama WGS 84, mfumo wa GPS, kila kitu husogea kaskazini kama mita 300, na nyumba za ufuoni Likoni huishia majini, njia ya feri. Geuza kwanza kwa ogr2ogr, zana ya kubadili data za ramani (21037 ni Arc 1960, 4326 ni WGS 84):

ogr2ogr -s_srs EPSG:21037 -t_srs EPSG:4326 majengo.geojson majengo.shp

Kwenye GeoJSON, faili ya maandishi inayotoka hapo, longitudo hutangulia: 39.68, kisha -4.06. Ukizipindua, Mombasa yote inahamia Hispania, karibu na Toledo.

Sasa kata vigae kwa programu ya tippecanoe, ile inayotunzwa na kampuni ya Felt. Ile ya zamani ya Mapbox haiandiki PMTiles:

tippecanoe -o mombasa.pmtiles -l majengo -Z10 -z14 --drop-densest-as-needed majengo.geojson

Jina baada ya -l liwe lilelile la source-layer kwenye mtindo (faili inayoiambia MapLibre ichore nini na kwa rangi gani), la sivyo ramani itabaki tupu. Herufi z ni kiwango cha ukuzaji: namba ikiwa kubwa, ramani iko karibu zaidi. Usivutwe kukata hadi z18. Kigae cha z14 huku kwetu kina upana wa kilomita 2.4 hivi, kimegawanywa vizio 4096: kila kizio ni kama sentimita 60. Kivinjari kitakikuza chenyewe. Kigae kikipita kilobaiti 500, tippecanoe hupunguza majengo palipobanana, kwa hiyo Mji wa Kale ukionekana na mapengo kwenye z10, si data iliyopotea.

Seva lazima ikubali maombi ya vipande vya faili, yaani ijibu 206, msimbo wa HTTP wa “sehemu tu ya faili”. Ile ya python3 -m http.server haijui hilo. Wengi hukwama hapo wakidhani faili ni mbovu.

Ukichagua MBTiles, muundo mwingine wa kuhifadhi vigae, badala yake, kumbuka safu zake huhesabiwa kutoka kusini. Kigae 12/2499/2094 (ukuzaji, safu wima, safu mlalo ikihesabiwa kutoka kaskazini), chenye Fort Jesus, huhifadhiwa kwenye safu ya 2001. Ukisahau kugeuza, Mombasa inaonekana haipo. Isogeze ramani hadi mpakani mwa Ethiopia, upande wa Moyale: utaikuta huko, vipande vyake vimepangwa juu chini.