Nimechoka kukopi prompti ileile kila siku

Yaani nilikuwa na faili la noti limejaa prompti (maagizo ya kuipa AI), kila nikitaka muhtasari wa ripoti nakopi, napesti kwenye brauza, nasahau kipande, narudia tena. Sasa nimehamia kwenye teminali (lile dirisha la kuandikia amri), kuna kitu kinaitwa llm cha developa Simon Willison, kinakuwezesha kutumia AI humohumo, unainstoo kwa `pip install llm`, unaweka ufunguo wa API (kodi ya siri ya akaunti yako ya OpenAI) kwa `llm keys set openai`, halafu prompti unaisevu mara moja tu:

`llm --system 'Fupisha kwa Kiswahili chepesi, pointi 5' --save fupisha`

Kuanzia hapo ni `cat ripoti.txt | llm -t fupisha`, basi. Jina liwe fupi lakini, mi ya kwanza niliipa jina refu kama treni nikawa nakosea kulitaipu kila saa. Ukitaka kuibadilisha, `llm templates edit fupisha` inakufungulia faili lake la YAML (faili la maandishi ya mipangilio), unarekebisha, unasevu.