Tulivyofunga ndoa ya bomani Cottonwood Falls, Kansas

Mimi naishi Wichita, huku Marekani, na mwenzangu wakati huo alikuwa akifanya kazi Emporia. Tulikubaliana tuanze na ndoa ya serikali, ya kanisani tuje tuifanye nyumbani wazee wakiwepo. Swali likawa: bomani ya wapi?

Kansas ina kaunti 105, na leseni ya ndoa ukiichukua kaunti yoyote unaitumia popote ndani ya jimbo. Si lazima uwe mkazi. Basi tukachagua Cottonwood Falls, makao makuu ya Kaunti ya Chase, kwa sababu iko njiani kati yetu na, nikiri, kwa sababu nililipenda lile jengo la mahakama tangu siku ya kwanza nilipopita pale.

Sensa ya 2020 iliukuta mji huo na watu 851, na kaunti nzima watu 2,572. Dar kuna shule za msingi zenye watoto wengi kuliko hao! Lakini wana sherifu wao, mweka hazina wao, masijala yao ya ardhi na mahakama yao.

Kutoka Wichita unashika barabara ya kulipia hadi Cassoday, halafu K-177 kwenda kaskazini. Huko ni vilima vya nyasi tu, Flint Hills. Udongo ni mwembamba juu ya chokaa na mawe magumu, plau haikufua dafu, wakabaki na ng'ombe. Kila masika huchoma nyasi ili chipukizi zitoke kwa ajili ya mifugo, jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia kwa wafugaji hahitaji kuelezwa.

Ukiingia mjini, barabara ya matofali iitwayo Broadway inakupeleka moja kwa moja kwenye mahakama. Ni jengo la mawe ya chokaa, ghorofa tatu, paa jekundu lenye mnara wa saa. Lilimalizika 1873, mchoro ni wa John G. Haskell, na ndilo kongwe kuliko mahakama zote za Kansas zinazoendelea kutumika. Ndani kuna ngazi ya mbao za mjozi inayopanda kwa kujizungusha mpaka juu. Jela ya zamani nayo ilikuwa humo humo. Yaani mtu alihukumiwa, akafungwa, na shamba lake likaandikwa jina jingine, vyote chini ya paa moja.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Tulikwenda na pasipoti kwa karani wa mahakama, tukajaza fomu, tukalipa dola 85.50. Hapakuwa na foleni. Sisi ndio tulikuwa foleni. Fomu inataka majina ya wazazi na walikozaliwa, hivyo nikamtajia karani "Korogwe" herufi moja moja, naye akairudia kwa makini hadi ikakaa sawa. Bibi harusi anaulizwa pia atatumia jina gani baada ya ndoa. Wangu alibaki na la baba yake, na sikuona sababu ya kubisha.

Baada ya hapo sheria inataka mngoje siku tatu, kisha leseni inadumu miezi sita. Nyumbani tangazo ni siku 21, kwa hiyo sisi tuliona kama tunaharakishwa. Mje na mashahidi wawili watu wazima. Wetu walikuwa dada mmoja wa Kikongo anayesali nasi na mume wake.

Hakimu alitufungisha katika chumba cha mahakama, kwa maneno machache sana. Mama alikuwa kwenye simu.

"Mama, shikamoo. Tumemaliza."

"Marahaba, mwanangu. Mbona upesi hivyo? Mmesaini kweli?"

Ilibidi hakimu aonyeshe karatasi kwenye kamera.

Jambo moja watu hulisahau: karatasi mnayosaini siku hiyo sio cheti. Aliyewafungisha anairudisha mahakamani ndani ya siku 10, na ndoa inaandikishwa serikalini. Nakala rasmi unaiomba ofisi ya takwimu za vizazi na ndoa ya jimbo, iliyoko Topeka. Agiza zaidi ya moja, maana uhamiaji watataka yao, na ukija kufanya mambo ya nyumbani utaihitaji nyingine.